Chumba Namba 407, Ruwi

Picha ilionyesha bahari.
Dirisha likanionyesha ukuta,
na ukutani mashine kumi na moja za ubaridi
zikichuruzika kama pua za watoto wa chekechea.
Nikamuuliza kijana wa mapokezi, bahari iko wapi?
Shafiq akanyoosha kidole
kupita ukuta, kupita barabara, kupita mlima:
"Ipo, mama. Ipo."
Sikuweza kumwita mwongo.

Nilikuja Maskati kununua mabaibui,
siku nne, Julai,
mwezi ambao mtu mwenye akili zake haji.
Pasi yangu waliifungia kwenye droo
pamoja na riali ishirini za dhamana,
wakanipa kadi waliyoiita ufunguo.
Mara ya kwanza ilifungua.
Mara ya pili ikafikiri.
Mara ya tatu ikanikana mbele ya mizigo yangu.

Nikafungua bomba la baridi, likaniunguza.
Chumbani baridi ya mochari,
nimejifunga kanga mbili na soksi za ndege,
na kidude cha kupunguzia hakina betri.
Chupa ya maji riali moja na nusu.
Nilikunywa kidogokidogo, kama dawa.

Na kitanda? Haki isemwe.
Sijawahi kulalia kitu kama kile.
Ila mgongo wangu umezoea godoro la sufi
lenye bonde alilolichimba marehemu
kwa miaka ishirini na sita ya kulala upande mmoja.
Usiku kucha ulilitafuta lile bonde
kwenye shuka nyeupe, tambarare,
usilione.

Siku ya pili, ndani ya lifti,
akaingia mwanamke mwenye funguo shingoni,
msimamizi wa vyumba, mdomo ameubana.
Nikajisemea, na sikusema chini:
"Huyu naye, uso kama kanyimwa mkopo."
Akanyamaza ghorofa ya kwanza.
Akanyamaza ya pili.
"Mkopo nalipata," akasema, "riba ndiyo inayonikunja uso."

Lifti ile ilikwama jana yake nikiwa na haraka.
Leo niliiomba ikwame, idondoke, inifiche;
ikapanda laini kama siagi.

Bi Asila. Kiswahili cha bibi yake wa Wete,
chenye almari na bweta,
maneno niliyodhani tulimzika nayo nyanya yangu.
Alinifuata chumbani, akazima hita:
"Maji ya tangi hili yamo kivulini.
Yale mengine yatoka juu ya paa, jua limeshayapika.
Kiangazi huku, dada, ukitaka baridi fungua moto."
Nikaoga. Nikaoga tena.
Betri akazitoa kwenye mfuko wake mwenyewe.

Usiku wa mwisho alikaa ukingoni mwa kitanda,
viatu kavua, vidole vimevimba.
Hajakanyaga Pemba hata siku moja.
"Nyuma ya nyumba ya bibi palikuwa na mshelisheli.
Bado upo?"
Mimi mtu wa Tanga. Wete naisikia redioni.
Nikamtazama vile vidole.
"Upo," nikasema. "Upo."
Akataka kujua kama unazaa.
Nikasema mwaka huu umezaa mpaka matawi yameinama.

Asubuhi nikadai dhamana yangu.
Walikata riali tatu: taulo moja, doa la hina.
Sahihi chini ya karatasi ni ya Asila,
herufi zimesimama wima kama askari.
Nilimtafuta kwa macho. Alikuwa zamu ya juu,
au alijifanya.
Sikukasirika sana. Doa lilikuwa langu.

Tanga wananiuliza, hoteli ilikuwaje?
Nawaonyesha ile picha ya bahari.
Wanaisifu.
Mmoja akauliza kama dirisha lilikuwa linafunguka.
Nikamwambia anywe chai, inapoa.